Alimwambia kijana akae kwanza

Asanteni kwa kuandika katika makala yenu kwamba muuguzi mkuu wa idara ya dharura huwatunza wauguzi wake ili nao watunze wagonjwa. Mimi nimeliona.

Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, maji na umeme vilikatika, majeruhi pale hospitali ya Ndosho wakalazwa mpaka sakafuni. Mimi nilikuwa hospitali nyingine na shangazi yangu, risasi pajani. Mama muuguzi aliyeongoza zamu alipita mgonjwa kwa mgonjwa, akisema nani aingie kwanza na kwa nini. Hata sisi ndugu tuliongoja, tulielewa.

Muuguzi mmoja kijana alianza kutetemeka mikono akitafuta mshipa. Alikuwa hajasikia habari za nyumbani kwake tangu juzi. Mama hakumfokea. Alichukua sindano, akamaliza mwenyewe, kisha: "Mwanangu, kaa, kunywa maji. Nitakuhitaji sasa hivi." Kijana akarudi, akafanya kazi mpaka asubuhi. Ndiye aliyemfunga shangazi kidonda.

Na wauguzi wengi wa Kongo hawapati mshahara wa serikali, wanaishi kwa prime, yaani posho, au pesa zinazolipwa na wagonjwa. Hilo nalo liandikeni, tafadhali.