Maktaba moja, kiraka kimoja

Septemba 2023, ilipotangazwa kwamba libwebp, maktaba ya programu (msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu nyingi), ina tundu la usalama, nilifanya walichofanya watumiaji wengi wa Debian, mfumo endeshi wa Linux: apt update, kisha apt upgrade, amri za kusasisha programu za mfumo. Maktaba hiyo ndiyo inayosoma picha za WebP, na picha moja iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kuifanya iandike nje ya kumbukumbu iliyotengewa. Waliotoa taarifa ni Apple na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, na tayari kulikuwa na watu wanaolitumia tundu hilo kushambulia.

Kifurushi cha libwebp7 kilichoshuka hakikufika hata megabaiti moja. Programu zote zinazoitegemea maktaba ile ya mfumo zikapona kwa mpigo. Kilichobaki ni kuzifunga na kuzifungua tena, kwa sababu programu ambayo tayari inaendeshwa huendelea kushikilia nakala ya zamani.

Kisha nikakumbuka programu ya kuchati niliyoipakua nje ya apt. Nikaikagua kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazichukua kwenye mfumo. Ikaja orodha ndefu, libc.so.6 na wenzake, ila libwebp haimo. Ungedhani haihusiki kabisa. Kumbe imejengwa juu ya Electron, zana ya kujengea programu za kompyuta kwa teknolojia ya wavuti, ndani ya Electron mna Chromium, kivinjari ambacho ni msingi wa Chrome, na Chromium imekuja na libwebp yake, imeunganishwa humo humo ndani ya faili moja kubwa. ldd haiioni, apt haiigusi. Ikabidi nisubiri watengenezaji watoe toleo jipya, halafu nipakue mzigo mzima upya, zaidi ya megabaiti 80, kwa bando la simu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba maktaba inayotumiwa na wengi ifungashwe mara moja, na mfumo wenyewe, na programu ziitegemee hiyo. Anayebeba nakala yake amejitwika kazi ya kufuatilia kila tundu litakalogunduliwa humo kwa miaka yote ijayo. Wengi hawaifanyi kazi hiyo, na anayeumia ni mtumiaji ambaye hajui hata kama nakala hiyo ipo.

Najua watengenezaji wana hoja. Wamejaribu programu yao na toleo fulani, halafu wanaikuta Debian na toleo la zamani. Usumbufu huo ni wa kweli, na Flatpak, mfumo wa kusambaza programu za Linux, imeupunguza kiasi kwa kuzipa programu nyingi msingi mmoja. Lakini tazama jina lenyewe, libwebp.so.7. Hiyo 7 ni ahadi: maadamu haijabadilika, programu iliyojengwa jana itafanya kazi na maktaba iliyorekebishwa leo. Mabadiliko yakiwa ya kuvunja, namba hupanda, na ya zamani na mpya hukaa pamoja bila kugombana. Debian 12 haikulazimika hata kuhamia toleo jipya. Ilibaki na 1.2.4, ikaitia kiraka (marekebisho madogo ya msimbo), na kazi za watu zikaendelea.

Vifurushi vya Debian ninavyovitunza ni vichache, na utaratibu wangu kwa vyote ni mmoja. Kabla ya kujenga chochote, nafungua folda ya third_party, ambamo watengenezaji huweka nakala za maktaba za wengine, na kusoma kilichomo. Nikikuta libwebp, zlib au maktaba nyingine ambayo Debian inayo, nafuta nakala hiyo, naandika kifurushi chake cha kujengea (kwa libwebp ni libwebp-dev) kwenye Build-Depends, orodha ya vinavyohitajika wakati wa kujenga, kisha najenga. Ikigoma, naandika kiraka na kumpelekea mtengenezaji, nikimweleza kwa nini.