Jani la Anxi na jani la Kericho: nani anayelimaliza?

Ukimpa mtu wa nyumbani Kenya kikombe cha Tieguanyin, atakwambia hiyo chai haijaiva. Ina umanjano wa kijani, haina maziwa wala sukari. Lakini huku Anxi, mkoani Fujian, China, mkulima amekesha na jani hilo usiku kucha. Hapo ndipo tunapopishana nao hasa. Rangi ni jambo dogo.

Kericho au Murang'a tunachuma majani mawili na chipukizi, mzigo unapimwa kituoni, lori linaondoka. Kiwandani mashine zinalisagasaga jani, linakolea wekundu kwa muda mfupi, linakaushwa na kuchekechwa kuwa madaraja ya chembe: PF1, BP1 na kadhalika. Kwa kazi yake ni chai bora sana: chembe ndogo hukolea upesi na hazishindwi na maziwa. Ila jina la kilima chako limeishia pale kwenye mizani. Baada ya mnada wa Mombasa, nyingi huchanganywa ng'ambo na kuuzwa kwa jina la pakiti.

Anxi wanangoja shina likomae, majani ya juu yafunguke, ndipo wanachuma mawili au matatu pamoja na kikonyo. Jani changa lisingestahimili yanayofuata. Wanachuma mchana wa jua, umande umekauka. Lililochumwa na mvua halitoi harufu. Baada ya kuanikwa kidogo, linaingia kwenye pipa la mwanzi linalozungushwa mara tatu au nne, kila mara kwa muda mrefu zaidi, na katikati yake linatandazwa kwenye nyungo lipumzike. Kingo zinachubuka na kuwa nyekundu, katikati panabaki kijani, na maji ya kikonyo yanapanda taratibu. Ukizungusha kwa nguvu mapema, jani linaumia, maji yanakwama, na chai inatoka chungu yenye harufu ya nyasi. Saa ya ukutani haiamui kitu. Fundi anainamia ungo na kunusa: harufu ya majani mabichi ikigeuka ya maua, ndipo analikaanga lisiendelee kubadilika. Kisha linafungwa kwenye kitambaa, linabanwa na kuviringishwa, linafunguliwa, linafungwa tena, mara nyingi mno, mpaka jani zima lijikunje kuwa punje nzito inayolia ikidondoka kwenye kauri.

Jina lake ni Guanyin wa Chuma, kwa heshima ya Guanyin, mwenye huruma wa Wabudha. Pale Xiping, mji mdogo wa Anxi, ukoo wa Wei na ukoo wa Wang kila mmoja unadai babu yake ndiye aliyeuona mche wa kwanza, karne ya 18. Mwaka 2022 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuingiza utamaduni huo kwenye urithi wa kilimo wa dunia. Sisi chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika alizuiwa kuilima. Najua tulichelewa kwa kuzuiwa. Lakini leo mikono ipo, ujuzi wa kuchuma upo, na bado hatuna ukoo hata mmoja unaotajwa kwa chai yake. Hilo linaniuma.

Na huku nako si kila kitu safi. Nyingi ya siku hizi ni ya kijani, imefanywa upesi kwenye vyumba vya baridi na kuondolewa zile kingo nyekundu. Harufu inapanda juu kisha inapotea, na tumbo tupu haliipendi. Iliyobanikwa kwa mkaa ndiyo inayobaki kooni.

Kuitengeneza: gramu 7 kwenye kikombe chenye kifuniko cha mililita 110, maji yanayochemka kabisa. Mwagia, mwaga mara moja, punje zianze kufunguka. Mkupuo wa kwanza sekunde 15, kila unaofuata ongeza 5, mpaka sita au saba. Wengi wetu wanakosea kwa kuacha maji yakae huku mazungumzo yakiendelea: ukakasi unaingia, wanasema chai ni mbaya. Usiitie sufuriani.

Ukiwabebea wa nyumbani, chukua iliyobanikwa. Ile ya kijani inataka friji tangu dukani, na pakiti ikishafunguliwa harufu haimalizi mwezi.