Kichujio Kitenge Barua, Kisizifute

Kichujio cha barua pepe kina kazi moja tu, kutenga. Kufuta ni kazi ya mwenye sanduku. Nalisema waziwazi kwa sababu kuanzia Nakuru hadi Busia utapata maduka ya vifaa vya ujenzi, vyama vya ushirika na shule ambazo barua pepe zao ziliwekwa na fundi aliyewasha kila swichi aliyoiona, akalipwa, akaenda zake. Mojawapo ya swichi hizo ni ile ya kufuta barua taka papo hapo.

Barua taka ikipenya, umepoteza sekunde tatu za kuiondoa. Barua njema ikifutwa kimyakimya, hasara haina kipimo. Mkandarasi wa Kakamega ameomba bei ya mabati 400 ya geji 30, amengoja siku mbili, ameona kimya, ameagiza kwingine. Mwenye duka pale Kibuye, Kisumu, hatajua kamwe kwamba aliulizwa. Hakuna mlio wala onyo, na aliyeandika anadhani amepuuzwa.

Kwa hiyo anza hapa. Kama barua zako ziko kwenye seva ya kukodi yenye cPanel, programu ya kuisimamia seva kupitia kivinjari, fungua ukurasa wa vichujio vya barua taka, zima kufuta kwa kujiendesha, kisha washa chaguo la kupeleka barua taka kwenye folda yake. Kwa Gmail hakuna swichi ya namna hiyo, ila kila kilichomo kwenye folda ya barua taka hufutwa baada ya siku 30. Duka la kawaida lipitie folda hiyo kila wiki. Anayefukuzia tenda za kaunti aipitie kila asubuhi, maana tenda ina saa ya kufungwa na haimsubiri mtu.

Kuna tego hapa linalowanasa wengi. Ikiwa kompyuta ya dukani inachukua barua kwa njia ya POP, yaani kuzipakua kutoka kwenye seva, inaleta kikasha cha kuingilia peke yake. Folda ya barua taka inabaki kwenye seva, haionekani dukani, na inajaa mwaka baada ya mwaka. Nafasi ikiisha, hata barua za wateja zinarudishwa. Badilisha akaunti iwe IMAP, njia inayoonyesha barua zilivyo kwenye seva, mlango (port) 993, ndipo utaona folda zote, hata kwenye simu.

Sasa tuone kichujio kinavyoamua, kwani asiyejua hilo hukichezea vibaya. SpamAssassin, programu inayotumika kwenye seva nyingi za kukodi, huhesabu alama. Kila dalili ina uzito wake, chanya au hasi, na jumla ikifika 5 barua huhesabiwa taka. Mtu aliyechoshwa na matangazo hushusha kikomo hicho hadi 2, na kwa siku chache anafurahi. Kisha kotesheni, risiti na barua za benki zinaanza kupotea, kwa sababu barua halali iliyotumwa kwa haraka kutoka simu, haina kichwa cha habari na imebeba picha moja kubwa, inaweza kukusanya alama 2 bila kosa lolote. Acha 5 ilivyo. Unataka ukali zaidi? Ifundishe programu, usishushe kikomo.

Kufundisha kunafanyika kwa hesabu iliyotokana na kazi ya mwanahisabati Thomas Bayes. Programu inatazama kila neno na kuuliza limeonekana mara ngapi kwenye barua njema na mara ngapi kwenye taka. Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Maneno kama "mabati", "saruji", "mifuko 50" na "lori la mchanga" yamo kwenye barua za wateja kila siku, na hayamo kabisa kwenye barua za urithi wa mabilioni. Baada ya mafunzo, barua yenye maneno hayo inapewa alama za kuiokoa. Kwa viwango vya kawaida, barua ambayo hesabu ya Bayes inaiona taka kwa asilimia 99 inaongezewa alama 3.5, na ile inayoonekana njema kabisa inapunguziwa 1.9.

Ndiyo maana sishauri mtu wa huku ategemee mafunzo aliyoyarithi kutoka kwingine. Kichujio kilicholelewa kwa barua za Kiingereza hakijui kitu kuhusu barua iliyochanganya Kiswahili, Kiluhya na bei ya mbolea ya DAP. Hakikuchukii, hakikujui tu.

Kizuizi ni kwamba SpamAssassin haianzi kutumia hesabu hiyo mpaka iwe imesoma barua taka 200 na barua njema 200. Wengi huionyesha taka 30, wasione mabadiliko, wakakata tamaa. Na sharti ni pande zote mbili. Ukiifundisha taka 900 na njema 15, haijaanza bado. Kwenye seva, amri ni sa-learn --spam ikifuatwa na njia ya folda ya taka, na sa-learn --ham kwa folda ya barua njema. Kama kifurushi chako hakina ukurasa wa kuandikia amri, iombe kampuni inayokuhifadhia tovuti iiweke amri hiyo iendeshwe kila usiku. Kabla ya kuiendesha, pitia folda zote mbili kwa macho. Invoisi kumi zilizoachwa kwenye folda ya taka zitafunzwa kama taka, na utashangaa kwa nini msambazaji wako haonekani tena.

Kwenye Gmail mafunzo ni kitufe chenye alama ya mshangao, na ukiwa ndani ya folda ya taka, kitufe cha kusema kwamba hii si taka. Kufuta kwa kikapu hakufundishi chochote. Lakini usiripoti kila kisichokupendeza. Jarida la mbegu ulilojiandikisha mwenyewe si taka, ni barua usiyoitaka tena, nalo dawa yake ni kujiondoa kwenye orodha. Tangu 2024 Google na Yahoo huwadai wanaotuma kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja na waitekeleze ndani ya siku mbili, kwa hiyo kwa kampuni inayojulikana kiungo hicho ni salama. Kwa mtumaji usiyemjua, usikibofye hata kidogo. Utakuwa umemthibitishia kwamba anwani yako ina mtu.

Orodha ya wanaoruhusiwa ndiyo inayoharibiwa zaidi. Fundi anaandika *@dukalako.co.ke ili barua za ofisini zisizuiwe kamwe. Tapeli naye anaandika jina hilohilo kwenye sehemu ya mtumaji, jambo ambalo ni rahisi kama kuandika jina bandia nyuma ya bahasha, na barua yake inapita bila kupimwa. Ruhusu wanaothibitishwa tu. SpamAssassin ina kanuni ya whitelist_auth, ambayo kuanzia toleo la 4 inaitwa welcomelist_auth, nayo huruhusu anwani ikiwa tu imepita SPF au DKIM, vipimo vya kumthibitisha mtumaji nitakavyovieleza hapo chini. Kwenye Gmail, tengeneza kichujio cha mtumaji mahususi, tuseme anwani kamili ya ofisi ya manunuzi ya kaunti, na uchague isiende kwenye taka kamwe. Hilo linafanyika kwenye kivinjari cha kompyuta, programu ya simu haina nafasi hiyo.

Funga pia mlango wa nyuma. Seva nyingi zina anwani ya kupokea kila kitu, yaani barua ya jina lolote lile kwenye domeni yako inaingia. Watuma taka hujaribu majina kwa maelfu: info, sales, admin, john. Iweke ikatae kwa ujumbe wa kosa. Mteja aliyekosea herufi atajua amekosea, na taka hizo hazitafika.

Kuelekeza barua za info@ kwenda Gmail ya mwenye duka nako kuna gharama. Gmail inaona barua ya benki ikitoka kwenye seva yako, ambayo benki haikuiidhinisha, basi SPF inaanguka. Taka nazo unaelekeza, na kwa macho ya Gmail mtumaji wa taka hizo ni wewe. Afadhali uongeze akaunti ya info@ ndani ya programu ya barua kwenye simu kwa IMAP, uache kuelekeza kabisa.

Hapo tumefika upande ambao wenye biashara huusahau: barua zako mwenyewe zinaangukia kwenye folda za taka za wengine. Rekodi tatu za DNS, daftari la mtandaoni la domeni yako, ndizo zinazokutambulisha. Ya kwanza ni SPF, orodha ya seva zenye ruhusa kutuma kwa jina lako, kwa mfano v=spf1 a mx include:_spf.google.com ~all. Iwe moja tu. Fundi wa pili akiongeza rekodi yake ya SPF badala ya kuiunganisha na ya kwanza, zote mbili zinabatilika. Tena isizidi utafutaji 10 wa DNS. Ya pili ni DKIM, ufunguo wa wazi wa kuhakiki sahihi ambayo seva yako hubandika kwenye kila barua. Ufunguo wa biti 2048 hauenei katika kipande kimoja cha herufi 255, hivyo hukatwa vipande viwili, na herufi moja ikikosewa wakati wa kunakili inatosha kuuharibu. Ya tatu ni DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini barua isipothibitika. Anza na p=none, yaani waripoti tu bila kuzuia, hivi: v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@dukalako.co.ke, soma ripoti kwa wiki kadhaa, kisha panda hadi quarantine (itengwe), mwishowe reject (ikataliwe). Anayeruka moja kwa moja hadi reject huzuia barua zake mwenyewe, hasa zile zinazotumwa na fomu ya tovuti au mfumo wa mishahara aliousahau.

Kuona matokeo, tuma barua kwenye Gmail, uifungue kwa kompyuta, bofya vitone vitatu, chagua kuona ujumbe asili. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja na PASS au FAIL yake. SACCO inayotuma taarifa zaidi ya 5,000 kwa siku moja kwa wanachama wenye Gmail lazima iwe na zote tatu, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3.

Iko barua moja ambayo hakuna kichujio kitakachoikamata: ile inayotoka kwenye akaunti halisi iliyotekwa. Msambazaji wako wa siku zote anaandika, jina ni lake, anwani ni yake, mazungumzo ya juzi yamo chini, PASS zote tatu zipo. Anasema tu kwamba namba ya till, ile ya kumlipa kwa simu, imebadilika. Piga simu kwa namba iliyo kwenye risiti ya zamani, usitumie ile iliyo kwenye barua hiyo.

Na kama akaunti iliyotekwa ni yako, tapeli huacha kichujio ndani. Fungua mipangilio ya Gmail, ukurasa wa vichujio na anwani zilizozuiwa, kisha ukurasa wa kuelekeza barua. Ukikuta kanuni usiyoiandika, mathalani inayochukua kila barua yenye neno "invoice" au "malipo" na kuipeleka kwenye kumbukumbu ikiwa imeshawekwa alama ya kusomwa, piga picha ya skrini, ifute, badilisha nenosiri, uondoe vifaa vyote vilivyoingia. Kisha tazama namba ya simu ya kurejesha akaunti. Akaunti nyingi huku zilifunguliwa saiba, yaani duka la intaneti, siku ya kutafuta PIN ya kodi ya KRA, na namba iliyowekwa ni ya mhudumu. Iondoe, uweke yako.