Hujaiona Lubumbashi kama hukufika Kenya

Shemeji yangu anaishi Dar es Salaam. Mwezi uliopita alikuja kwetu Lubumbashi, Kongo, kikazi, akajiongezea Jumamosi na Jumapili ili autembee mji. Mimi nilikuwa Likasi kwenye matanga, sikuweza kumpokea. Jumapili jioni akanitumia picha tatu: chumba cha hoteli, kanisa kuu la Petro na Paulo, sahani ya kuku na chipsi. Chini akaandika: "Mji nimeumaliza."

Nikampigia. Ulifika Kenya, si nchi, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi? Hapana. Katuba? Hapana. Hata Kamalondo? Akasema alitaka kwenda, ila hotelini walimwambia asijisumbue, kule hakuna cha kuona.

Neno hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma, kwa sababu si neno jipya. Mji huu ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, Wabelgiji walijitengea katikati yake. Mtu mweusi aliyewajengea akapewa makao ng'ambo, na kati yao ukaachwa uwanda mtupu ili wasichanganyike. Kamalondo ilizaliwa hivyo, ikiitwa Albert, kisha zikaja Kenya, Katuba na Ruashi. Ukimwambia mgeni leo abaki mjini, ng'ambo hakuna kitu, unamrudisha nyuma ya uwanda uleule.

Na huko ng'ambo ndiko watu walikochanganyika kweli. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliwatafuta wafanyakazi Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Muluba akapakana na Mubemba, Musanga akapakana na Musongye, wakachota maji bomba moja, watoto wao wakaoana. Kiswahili chetu kilikua humo. Shemeji huniambia kimevunjika. Mimi nakipenda kama nyumba niliyozaliwa. Tukisema "njo vile", yaani ndivyo hivyo, tukisema "kuya ukule", yaani njoo ule, ni sauti ya watu waliolazimika kuelewana, wakaelewana.

Nenda soko la Kenya Jumamosi asubuhi usimame karibu na wauza binkubala, viwavi vya kuliwa. Kuna mama mmoja ambaye mimi hununua kwake. Viwavi vimekauka vizuri, vinalia kama changarawe anapovichota kwa kopo. Bei anaitaja kwa Kifaransa, ugomvi wa bei unakwenda kwa Kiswahili, na mtoto aliye nyuma yake anakaripiwa kwa Kiluba cha Kasai. Mkishapatana unamdai matabishi, yaani nyongeza, naye anaongeza konzi moja juu, anaisawazisha kwa kiganja, anafunga mfuko. Hayo yote hayafiki dakika tano. Niambie ni jumba gani la mjini litakalokuonyesha kwa dakika tano Lubumbashi ni mji wa nani.

Sidai kwamba siku zote tumeishi kama ndugu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa huku kwetu Katanga, wengine wakalala wiki nyingi kwenye vituo vya treni wakisubiri mabehewa. Mama yule ni mmoja wao. Alirudi. Aliwahi kuniambia kwamba kule alikopelekwa watoto walimcheka kwa sababu Kiluba chake kilikuwa kimejaa Kiswahili. Ninapomwona amekaa mahali pake pale sokoni, moyo wangu unatulia.

Haya, mjini kuna vya kuona, nakubali. Sinagogi la mwaka 1930 ni zuri, jumba la makumbusho lina misalaba ya shaba ya wazee wetu, na Wagiriki wana kanisa lao. Asubuhi moja inatosha. Na ni kweli, sokoni simu huibwa. Iweke ndani, utembee na mwenyeji.

Shemeji anarudi Julai. Nimemwambia alete sweta, kwa maana usiku wa Julai hapa si wa Dar, na asisahau kadi ya homa ya manjano. Saa airudishe nyuma saa moja. Ijumaa analala kwangu Katuba. Jumamosi tunaanzia kwa mama wa binkubala, tunatembea kwa miguu hadi Kamalondo, tunakula michopo ya mbuzi iliyokatwakatwa juu ya karatasi pamoja na kitunguu na pilipili, na kipande cha kikanda, kile cha viazi vya okidi na karanga, pembeni. Mazembe, timu yetu ya mpira, wakiwa na mechi Jumapili, tunaingia uwanjani. Nataka asikie watu wale wakiimba, babu zao wakiwa wametoka pande zote, sasa wote wamevaa nyeusi na nyeupe.

Kanisa kuu tutalipita Jumatatu, tukielekea uwanja wa ndege.