Madawati ya loji na swali la mama wa Katuba

Madawati 32 yamefungiwa ndani ya depo ya shule moja ya msingi huko Katuba, Lubumbashi. Ufunguo uko mfukoni mwa direkta, mkuu wa shule, na watoto wa darasa la tatu wanaandika wakiwa wamekalia matofali na vidumu vya mafuta vilivyokatwa. Nimeyaona mwenyewe. Ni mbao nzito iliyopigwa randa, chuma kimechomelewa vizuri, na chini ya kila kiti kuna namba ya rangi nyeusi. Ubavuni mwa lile la kwanza kuna mkwaruzo wa msasa: kulikuwa na kibandiko kidogo chenye bikari na guni, vyombo vya mafundi waashi na alama ya wamasoni (Freemasons), na mtu akakikwangua. Alichelewa. Mama mmoja alikuwa amekwisha kukiona siku gari lilipokuwa likishusha mzigo.

Kwenye kikao cha kamati ya wazazi mama huyo alisimama akasema maneno mawili tu. La kwanza: “Ni ya bale bantu, mwana yangu hataikala pale,” yaani ni ya wale watu, wamasoni, na mwanawe hatakaa hapo. La pili lilikuwa swali: “Ile makuta (hela) inatoka wapi?” Baba mmoja mwalimu akamjibu kuwa tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure Septemba 2019 watoto wamejaa hadi mlangoni, na mbao haina dini. Wakazomeana. Direkta, mtu wa amani, akafunga depo mpaka watu wapoe.

Mimi si wa loji, chama cha wamasoni. Niliwahi kuulizwa kama nataka kuingia, nikacheka, na yaliishia hapo. Lakini tangu kikao kile swali la yule mama halijaniacha, kwa sababu lina jibu, na jibu lenyewe si la kutisha hata kidogo.

Habari za London 1717, ilikoundwa loji kuu ya kwanza, na za Ubelgiji, ambako loji kuu iitwayo Grand Orient iliundwa 1833, nitaziruka. Inatosha kukumbuka kuwa loji zilifika Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, pamoja na Wabelgiji, zikawa klabu za wazungu, na kwa miaka mingi Mwafrika aliuona mlango wake kwa nje tu. Leo wanaokaa ndani ni mawakili, madaktari, mainjinia wa migodi, wafanyabiashara, maprofesa. Watu unaokutana nao benki.

Sasa hela. Katika loji zenye mila ya Kifaransa na Kibelgiji, kabla ya kikao kufungwa mfuko wa kitambaa huzungushwa. Wanauita mfuko wa mjane, kwa ajili ya Hiramu, yule fundi wa shaba wa hekalu la Sulemani ambaye kitabu cha Wafalme kinasema alikuwa mwana wa mwanamke mjane. Anayeuzungusha ni ndugu mwenye kazi ya kutazama wagonjwa na wenye shida, yule wanayemwita hospitalier. Kila mmoja huingiza mkono ukiwa umefumbwa na kuutoa vilevile. Aliyeweka noti ya dola 50 na aliyeweka franga za kununulia mkate wanafanana. Husimuliwa hata kwamba ndugu aliyebanwa na maisha anaweza kutoa badala ya kuweka, na hakuna atakayejua. Kisha mfuko unamwagwa, unahesabiwa, na jumla inasomwa mbele ya wote na kuandikwa.

Desturi hii ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Jumla inatangazwa, mkono hautangazwi. Linganisha na Jumapili zetu. Katika makanisa mengi ya uamsho mjini humu, wa dola 100 wanaitwa mbele kwanza, wanapigiwa ngoma, wanaombewa. Kisha wa 50. Kisha wa 20. Na mama muuza makaa, mwenye franga zake zilizokunjwa kwenye pembe ya kitenge, anapita mwisho, ngoma zikiwa zimekwisha choka. Sisemi hivyo ni vibaya, utoaji wa furaha una raha yake. Nasema tu kwamba tukisoma Mathayo sita, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, tunaitikia Amina, na tukikuta watu wanaofanya hivyo hasa, tunauliza wanaficha nini.

Tufanye hesabu ya kidukani. Hesabu hii ni yangu, ya mfano. Loji ina ndugu 25, wanakutana mara mbili kwa mwezi, kila mmoja anaweka dola 10 kwa kikao. Hiyo ni dola 500 kwa mwezi. Dawati la watoto watatu tuliweke dola 45 kwa seremala. Madawati 32 ni dola 1,440, yaani mifuko ya miezi mitatu, na chenji inabaki. Hakuna damu hapo, hakuna mtoto aliyeuzwa, hakuna nyoka anayetapika noti chini ya kitanda. Ni mawakili kadhaa na daktari mmoja walioacha bia tatu tatu. Wakina mama wa soko la Kenya, komuni ya hapa mjini, wanazungusha hela nyingi kuliko hizo kwenye likelemba (upatu), na hakuna anayewaogopa.

Ndiyo maana nasema udogo wa jambo lenyewe ndio unaokosewa. Wanaoiogopa loji wanaipa ukubwa isio nao, na (hili marafiki zangu wa ndani hawatalipenda) wao wenyewe wanaufurahia ukubwa huo. Video ya 2009 ya Ali Bongo, rais wa Gabon wakati huo, akisimikwa kuwa mkuu wa loji kuu ya Gabon imezunguka kwenye simu zetu miaka yote hii, na kila anayeionyesha anashusha sauti. Tarehe 30 Agosti 2023 askari wake walimtoa madarakani saa chache baada ya kutangazwa mshindi, na cheo kile cha kwenye video hakikumsaidia kitu. Lakini ndugu mmoja hapa mjini ukimtania kuhusu nguvu zao hakanushi, anatabasamu. Tabasamu lile linagharimu. Linalipwa na mtoto wa darasa la tatu aliyekaa juu ya tofali.

Hata hivyo sitamwita yule mama mjinga. Kwa mji huu kuogopa mtoaji usiyemwona usoni ni akili iliyopatikana kwa gharama. Mababu walituachia habari za mutumbula, watu waliotumwa usiku na mzungu kukamata wapita njia, na waliokamatwa wakanenepeshwa kama nguruwe, wakaliwa. Hakuna aliyepatikana kaliwa. Lakini mchana Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyoundwa 1906, ilikuwa inawapa watu posho, nyumba, shule na hospitali, na tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wake waliogoma walipigwa risasi uwanjani Elisabethville. Anayekulisha ndiye anayekuua: hadithi ya mutumbula ilikuwa inasema hivyo kwa lugha yake. Baadaye Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ikawa baba na mama, ikazeeka, na 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wakaondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari, hiari ambayo wengi wao hadi leo wanaitamka kwa kejeli. Wajukuu wao ndio wako Katuba, ndio wako Kenya na Kampemba. Wameona pia watu wakitoka kwenye kobalti wakiwa na magari matano bila kueleza lolote. Mtu wa hapo akiuliza hela inatoka wapi, anauliza swali ambalo wakaguzi wa mahesabu wangepaswa kuuliza kabla yake.

Kanisa nalo lina neno lake, na ni zito. Roma ilikataza umasoni tangu 1738. Sheria ya kanisa ya 1983 ilipoacha kuutaja kwa jina, wengine wakadhani mlango umefunguka; Novemba mwaka huohuo tamko lililotiwa saini na Kardinali Ratzinger likasema Mkatoliki anayejiandikisha yumo katika dhambi kubwa na haruhusiwi kukomunika, na Roma ikarudia hayo Novemba 2023. Katanga ugomvi huo una sura yake. Askofu de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza kanisa hapa tangu 1910 hadi 1958, aliwapiga vita wamasoni maisha yake yote, na Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, alipoleta shule za serikali zisizo za misheni mwaka 1954, Wakatoliki wengi waliona nyuma yake mkono wa loji. Kwa hiyo mjini humu madawati na loji viligombana kabla yule mama hajazaliwa. Ila tamko la 1983 linamhusu anayejiandikisha. Mtoto anayekalia mbao hajajiandikisha popote, na padri niliyemuuliza alinijibu hivyohivyo, kisha akaniomba nisimtaje.

Hoja inayonishinda mimi ni nyingine, nayo haina shetani ndani yake. Ni undugu wenyewe. Hakimu na wakili wakiitana ndugu Alhamisi usiku, mjane mwenye kesi ya kiwanja atawatazamaje Ijumaa asubuhi? Italia, Machi 1981, polisi walipopekua jumba na ofisi ya Licio Gelli, mkuu wa loji ya P2, walikuta orodha ya loji hiyo yenye majina 962, mawaziri na majenerali wakiwemo, na mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku vyama vya siri. Uingereza kuanzia 1998 iliwataka mahakimu wapya waseme kama ni wamasoni, ikaliacha hilo 2009. Hawa si watu wa vijijini wanaoogopa wachawi. Katika mji ambao mkataba wa mgodi, hati ya kiwanja na dhamana ya mtuhumiwa vinapita kwa watu wachache wanaojuana, siri ya uanachama inauma hata kama kila mwanachama ni mwema. Hapa ndugu zangu wa loji hunijibu kwamba wamesoma shule moja, wanasali parokia moja, wametoka kijiji kimoja, na hizo nazo ni loji. Ni kweli. Haiwasaidii, lakini ni kweli.

Dawa ninayoiona ni ndogo kama tatizo lenyewe. Watazame Rotary, klabu ya kimataifa ya hisani, ambayo watu wengi hapa bado wanaichanganya na loji. Wanarotary walianza kazi ya polio 1985. Kongo iliona mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya mwituni (ya virusi vya asili) 2011, na Agosti 2020 Afrika nzima ikatangazwa kuwa huru na virusi hivyo (ile inayotokana na chanjo bado inatusumbua, hiyo ni mada nyingine). Gurudumu lao la dhahabu liko kwenye kila kitu, hata pasipo na ulazima. Linachosha, lakini hakuna aliyekimbiza mtoto wake asipate matone ya chanjo kwa sababu ya gurudumu. Loji haihitaji kubandika alama mahali popote, wala kutoa majina ya waliotia mkono mfukoni. Sheria ya 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida inadai katiba na majina ya viongozi, kwa hiyo karatasi za kuonyesha hazikosekani. Jumla inayosomwa ndani ya kikao isomwe pia kwenye ubao wa shule: mfuko ulitoa kiasi hiki, seremala yule wa njia ya Kipushi alilipwa kiasi hiki, risiti hii hapa. Seremala anajulikana, watu watakwenda kumuuliza.

Nilimwambia direkta hayo. Akaniambia risiti anayo, ila waliomletea madawati walimwomba asiionyeshe, maana ina jina la ndugu aliyelipa. Tukaitazama pamoja pale ofisini. Jina limeandikwa kwa bic ya buluu, mwandiko wa daktari, halisomeki kabisa.

Wiki iliyopita alifungua depo akatoa madawati kumi, akayaingiza darasa la sita, ambako watoto ni wakubwa na wazazi wamechoka kubishana. Yule mama mwanawe yuko la tatu. Amemshonea mto wa magunia wa kuweka juu ya tofali.