Kwa daktari usijibu "nzuri"

Tumelelewa hivi: ukiulizwa habari, unajibu nzuri, hata kama uani wamejaa waombolezaji. Mabaya yanafuata baadaye, taratibu. Adabu hiyo naipenda, lakini mbele ya daktari wa akili imenigharimu miezi mingi.

Nina ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Siku ya miadi nilikuwa naamka alfajiri, naoga, navaa kitenge kilichopigwa pasi, nateremka kutoka Kadutu, mtaa wetu hapa Bukavu. "Habari ya siku nyingi, mama?" "Nzuri, daktari." Naye anaona mwanamke safi, mwenye kucheka, anaandika dawa zilezile. Zile wiki mbili nilizokuwa silali zaidi ya masaa matatu, nikiuza sufuria zangu kwa bei ya kutupa, zilibaki nyumbani.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ndiye aliyechoka. Aliingia nami akasema, "Daktari, huyu anaficha." Nilimnunia hadi jioni. Leo namshukuru: mimi nikiwa juu sijioni mgonjwa, yeye ananiona saa nane ya usiku. Ila wewe mwenyewe ndiye umwombe ndugu yako akusindikize, na ubaki kidogo peke yako na daktari. Kuna mambo hayasemwi mbele ya ndugu.

Sasa nina daftari la shule. Kila jioni naandika mistari miwili: nimelala masaa mangapi, dawa nimemeza au nimeruka. Kwangu usingizi ndio unaotangulia kuharibika.

Dawa zote nazitia mfukoni, hata za mitishamba. Hili linaniuma bado: nilipowekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, hakuna aliyeniuliza nameza nini, nami nikanyamaza kwa aibu. Nilikuwa nameza kabamazepini, dawa ya kutuliza hisia, ambayo inapunguza nguvu ya kijiti hicho. Nilikuja kujua baada ya mwaka mzima, siku niliyokitaja kwa bahati tu.

Na ninyi ndugu mnaotibiwa kwenye vituo vya afya ya akili, SOSAME hapa Bukavu au Tulizo Letu kule Goma, kama mnameza lithiamu, dawa nyingine ya ugonjwa huu, ulizeni mapema siku ya kutolewa damu. Kipimo chake huchukuliwa masaa 12 hivi baada ya kidonge cha mwisho; ukimeza asubuhi hiyo kabla ya kutoka, majibu yatadanganya.

Mwezi uliopita daktari aliniuliza tena habari. Nilifungua daftari, nikaanza kumsomea tangu Jumanne ile ambayo sikulala kabisa.