Mwanafunzi wa famasia katika hospitali yenye mfamasia mmoja

Vyuo vinavyofundisha famasia vimezoea kuwapeleka wanafunzi hospitali kubwa kwa mafunzo kwa vitendo, kwa kuwa huko ndiko waliko wagonjwa wengi, mabingwa wengi na dawa za kila aina. Inapotolewa hoja kwamba sehemu ya mafunzo hayo ifanyike katika hospitali ndogo ya kijijini, yenye wodi mbili tatu na mfamasia mmoja, walimu wa fani hii hugawanyika. Wanaoiunga mkono husema huko mwanafunzi huishika kazi yenyewe, na wanaoipinga husema ataishia kuhesabu vidonge. Naona wote wanabishana juu ya ukubwa wa hospitali, ilhali jambo linaloamua ni muda alionao yule anayemsimamia mwanafunzi.

Nianze na wapinzani, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko inavyopewa uzito. Katika hospitali ndogo mwanafunzi hataona dawa za saratani zikichanganywa, wala lishe ya mishipani ikiandaliwa, wala kiwango cha vankomaisini, dawa ya kuua bakteria, kikipimwa katika damu ili dozi irekebishwe. Saa zenyewe ni za kuhesabika. Nchini Marekani, kwa mfano, shahada ya udaktari wa famasia imedai saa zisizopungua 300 za mafunzo ya awali kwa vitendo na saa 1,440 za mafunzo ya juu, kwa hiyo awamu moja ya wiki 6, kwa saa 40 kila wiki, inakula sehemu ya sita ya mafunzo hayo ya juu. Ikipotea, haifidiwi kirahisi.

Kuna kasoro nyingine isiyotajwa sana. Hospitali ndogo huwapa rufaa wagonjwa mahututi, na wale wanaobaki hawalazwi muda mrefu. Hukohuko Marekani, hospitali za vijijini zilizo katika kundi maalumu linalotambuliwa na serikali haziruhusiwi kuwa na vitanda zaidi ya 25 vya kulaza, na wastani wa siku za kulazwa hautakiwi kuzidi saa 96. Mwanafunzi anayependekeza dozi ibadilishwe Jumatatu huenda Alhamisi akakuta kitanda kimetandikwa upya na mgonjwa ameshakwenda zake, naye asijue kama pendekezo lake lilisaidia au lilidhuru. Kujifunza bila kuona matokeo ni nusu ya kujifunza.

Hata hivyo, kuna somo ambalo hospitali kubwa hushindwa kulifundisha kwa sababu ya ukubwa wake. Huko kuagiza dawa ni kazi ya ofisi moja, kuhifadhi ni ya bohari, kugawa ni ya dirisha, na ushauri wa kitabibu ni wa mfamasia wa wodini, hivyo mwanafunzi huonjeshwa kipande kimoja kwa wakati. Katika hospitali ndogo mtu mmoja huagiza, hupokea, hupanga, huandika kwenye leja na kumkabidhi mkunga mkononi. Chukua oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, ambayo kwa kawaida hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Mwanafunzi anafungua jokofu asubuhi na kukuta kipimajoto kinasoma 11, huku karatasi iliyobandikwa mlangoni ikionyesha nyuzi 5 asubuhi na nyuzi 5 jioni kwa wiki nzima, zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja.

Hapo masomo matano yanamjia kwa mkupuo. Inabidi aulize umeme ulikatika lini na ukarudi lini, atenge ampuli zinazotiliwa shaka bila kuzitupa, ajue kama wodi ya wazazi imebakiwa na akiba salama ya kufikia kesho, apige simu inakoagizwa dawa, kisha azungumze na aliyejaza karatasi ile bila kumvunjia heshima, maana watakuwa naye kazini mpaka mwisho wa awamu. Sijui darasa linaloweza kuyafundisha hayo yote kwa pamoja.

Faida ya pili ni ukaribu na daktari. Mzee wa miaka 74, mwenye uzito wa kilo 48, ameandikiwa gentamisini, dawa inayoweza kudhuru figo na masikio. Kriatinini yake, yaani taka ya damuni inayochujwa na figo, ni miligramu 1.5 kwa desilita, namba ambayo kwa kuitazama tu haitishi. Mwanafunzi akikadiria kasi ya figo kuchuja damu kwa kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, atatoa miaka ya mgonjwa kwenye 140, azidishe na kilo zake, kisha agawanye kwa kriatinini iliyozidishwa na 72, naye atapata takriban mililita 29 kwa dakika, yaani figo ambazo haziwezi kuhimili ratiba ya kawaida ya dawa hiyo. Mahali pasipo na kipimo cha kiwango cha dawa katika damu, hesabu hiyo ya kalamu ni kinga kubwa. Na kwa kuwa daktari aliyeandika dozi yuko hatua kumi kutoka hapo, mwanafunzi atamwendea mwenyewe, ataulizwa maswali na kujibu, badala ya kupitia ngazi tatu za wakubwa.

Swali linalobaki ni nani ameihakiki hesabu hiyo, na hapa ndipo pande mbili za mjadala zinapokutana. Mfamasia ni mmoja, naye yuko dirishani na foleni imefika uani. Akiitwa kikaoni, akiugua au akienda likizo, dirisha linaachiwa mwanafunzi. Methotreksati inatosha kuonyesha hatari iliyopo: kwa ugonjwa wa viungo wa baridi yabisi hunywewa mara moja kwa wiki, na ikiandikwa kwenye bahasha kuwa ni ya kila siku inaweza kuua. Mfamasia mzoefu hushtuka akiona maneno “kila siku” karibu na jina hilo, lakini mwanafunzi mwenye watu thelathini mbele yake huenda asishtuke.

Tena kuna unyonyaji usio na nia mbaya. Hospitali yenye upungufu wa watumishi humpokea mwanafunzi kama mvua baada ya kiangazi, humfundisha kazi ya dirishani kwa siku tatu, kisha humwacha hapo. Dalili yake hujitokeza mapema: ikiwa wiki ya pili anahesabu vidonge kwa kasi ya fundi dawa na hakuna aliyemuuliza swali tangu asubuhi, anatumikishwa. Simlaumu msimamizi. Chuo kilimtumia barua na fomu ya tathmini, hakikumtumia mtu wa kumpunguzia kazi, wakati mwanafunzi anayefundishwa sawasawa hupunguza kasi ya kazi katika wiki zake za mwanzo.

Wapo pia wanaotetea mpango huu kwa kusema utawapatia vijijini wafamasia wa kudumu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba wanafunzi wa fani za afya wapewe uzoefu wa vijijini, na mwongozo huo ukahuishwa mwaka 2021. Sipingi pendekezo hilo, ila nisingeweka uzito wote hapo, kwa kuwa anayechagua kwenda kijijini mara nyingi alikuwa na moyo wa huko tangu awali, na ni vigumu kujua kama kilichombakiza ni wiki 6 za mafunzo au malezi yake.

Kwa hiyo ningewapeleka, ila ningewapeleka mwishoni mwa masomo, baada ya hospitali kubwa kuwaonyesha wagonjwa wagumu, na kwa muda usiopungua wiki 6, maana wiki mbili za kwanza huishia kwenye kuzijua rafu na watu. Ningewapeleka wawili wawili, ili kila hesabu ipitiwe na macho mengine kabla ya kufika kwa msimamizi. Mwalimu wa chuo angekuwa kwenye simu kwa saa maalumu kila siku, akisikiliza maelezo ya mwanafunzi kuhusu mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na mwanafunzi angekuwa na ruhusa ya maandishi ya kukataa kugawa dawa akiwa peke yake. La mwisho ndilo gumu, kwa sababu lina gharama: chuo kigharimie mtu wa kumshikia mfamasia dirisha walau saa mbili kwa siku, ili saa hizo ziwe za kufundisha. Kisipoweza hilo, mwanafunzi abaki hospitali kubwa, hata kama huko ataonjeshwa kipande kimoja tu.